Kamera ya mgahawani na kicheko changu

Jamani, nimekuwa kimya karibu wiki tatu na wengine mmeanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko. Nipo, naandika asaimenti za saikolojia ya elimu kama kawaida, na bumu likiisha nakula wali maharage kama ninyi. Kilichoninyamazisha ni kitu kingine. Nimekizunguka sana kabla ya kukaa chini na kuandika, maana kwenye habari hii mimi siyo mtu mwema sana.

Mnaonifahamu mnajua kwamba Ijumaa jioni, Jumamosi na Jumapili huwa nakaa kaunta kwenye mgahawa mmoja karibu na chuo. Jina silisemi, na mnaolijua naomba msilitaje. Malipo ni ya kawaida, lakini yananitosha nauli, kutoa kopi na kununua bando, na zamu ikiisha msosi upo. Mwenye mgahawa ni mama mmoja mchapakazi ambaye sote tunamwita Mama, basi. Alianza na jiko moja la mkaa na meza mbili chini ya mwembe. Leo ana meza kumi na mbili na wafanyakazi sita.

Mwanzoni mwa semista hii Mama alifunga kamera. Sababu alikuwa nazo. Mteja mmoja aliibiwa begi lenye laptopu pale pale mezani. Watu wamekula wakaondoka bila kulipa, siyo mara moja. Na hesabu za droo zilikuwa hazikai sawa. Akaja fundi na ngazi yake, akatoboa kuta kutwa nzima, jioni tukawa na kamera nne: mlangoni, ukumbini juu ya meza, kaunta, na kwenye korido ya kwenda stoo na chooni. Picha zote zinaingia kwenye kisanduku cheusi cha kurekodia kilichokaa chini ya kaunta. Skrini ikatundikwa ukutani juu ya kichwa changu, imegawanyika mara nne, wateja wanajiona wakila.

Wiki ya kwanza ilikuwa burudani. Wadada wakawa wanatengenezea nywele pale. Kaka mmoja aligundua kwamba upara umeanza kisogoni, akaacha chipsi mayai yake nusu. Tulicheka sana. Hakuna aliyeuliza picha zile zinakaa siku ngapi, au nani anaruhusiwa kuzitazama. Hata mimi ninayejiita msomi sikuuliza.

Sasa, Jumamosi moja droo ikapungua shilingi elfu arobaini na tano.

Mchana ule nilitoka kidogo kutafuta chenji, nikamwachia kaunta dada mmoja wa jikoni ambaye hapa nitamwita Z. Jioni tunafunga hesabu, hela haipo. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya chini ile ya kutisha, kwamba aliyekuwa kaunta ni Z na hela itakatwa kwenye mshahara wake. Z ana mtoto anayesoma chekechea. Alisimama pale kashika kitambaa cha kufutia meza, machozi yanamtoka, anarudia, "Mama, siyo mimi. Haki ya Mungu siyo mimi."

Nikasema, "Mama, si mashine ipo? Tuangalie."

Mama akaniambia, "Wewe mwalimu ndiye unayejua kompyuta. Fungua."

Kufungua hakukuwa kazi. Fundi alikuwa amebandika nywila kwa karatasi juu ya kisanduku chenyewe: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Tulikaa watu wanne baada ya kufunga: mimi, Mama, Z, na mhudumu mmoja, nitamwita K. Tukarudisha nyuma mpaka mchana. Z anaonekana anapokea hela, anaweka, anafunga droo. Anapokea, anaweka, anafunga. Halafu saa tisa na dakika kumi anaingia Mama mwenyewe, simu imebanwa sikioni kwa bega, anafungua droo, anahesabu noti, anampa muuza samaki aliyesimama pembeni, anaendelea kuongea na simu.

Kimya.

Mama alitazama ile skrini kwa muda. Kisha akasema, "Ni mimi. Samahani mwanangu." Mnajua si rahisi mama wa umri ule, tena bosi, kumwomba radhi binti wa jikoni mbele ya watu. Z akalia upya, safari hii kwa namna nyingine. Mama akamshika mkono akampeleka nje kumtafutia bodaboda.

Kwa hiyo nisieleweke vibaya huko mbele. Kamera ile ilimwokoa Z. Bila yenyewe angekatwa hela ambayo hakuiba, na baya zaidi, angebaki na jina la mwizi. Naamini mgahawa una haki ya kujilinda.

Lakini Mama alipotoka, mimi na K tulibaki na mashine. Kazi tuliyoitiwa ilikuwa imekwisha. Tungeizima. Hatukuizima. Tukaanza kuipeleka mbele na nyuma tu, kutafuta vituko.

Kwenye kamera ya ukumbini tukamwona kijana. Alikuwa ameagiza chai ya rangi peke yake, amekaa nayo muda mrefu. Meza ya jirani watu wakainuka, wameacha wali na mapaja mawili ya kuku yaliyoliwa nusu. Kijana akatazama kushoto, akatazama kulia, akahamia ile meza na kikombe chake kama mtu anayefuata feni. Akala. Alikula haraka haraka, ameinamisha kichwa, akasafisha mifupa, akanywa maji yaliyobaki kwenye glasi. Halafu akapanga sahani vizuri moja juu ya nyingine, akafuta meza kwa mkono, akaondoka.

Nilicheka. Naandika wazi kwa sababu ningeweza kuruka sehemu hii na hakuna ambaye angejua. Nilicheka hasa pale alipokuwa anatazama kushoto na kulia, na ni mimi niliyesema, "Rudisha nyuma tuone tena." K akarudisha. Akatoa simu, akairekodi ile skrini. Nilimwona anarekodi. Sikusema kitu.

Jumapili asubuhi ilikuwa kwenye stetasi ya K. Mchana ikafika kwenye kundi la WhatsApp la kozi yetu, mtu ameshaiwekea muziki. Baadhi yenu mnaosoma hapa mlikuwemo. Mnakumbuka maneno yaliyoandikwa, sitayarudia. Jioni mtu akaandika jina.

Hapo ndipo nilipomjua. Kamera inatazama kutoka juu, inaonyesha utosi na mabega, ndiyo maana usiku ule sikumtambua. Ni kijana wa mwaka wa kwanza, mwanafunzi wa elimu kama mimi. Wiki ile wageni walipofika ni mimi niliyemwonyesha maktaba iko wapi, na nikamwachia madesa yangu ya mwaka wa kwanza. Huwa anakaa mstari wa mbele na faili lake la bluu.

Jumatatu hakuonekana darasani. Jumanne hakuonekana. Jumatano kulikuwa na testi, hakuja. Alhamisi nilimkuta kwenye vimbweta vya nyuma, vile ambavyo jua linapiga na watu hawapendi kukaa. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nikajikuta namwambia tu ukweli: mdogo wangu, nilikuwepo, mimi ndiye niliyefungua ile mashine, na nilicheka.

Hakunijibu kwa muda mrefu. Baadaye akasema, na haya nayaandika kwa ruhusa yake:

"Dada, mimi nilitazama kwanza kama kuna mtu ananiona. Nilikuwa tayari watu wawili watatu wa pale wanione, maana njaa ilikuwa imenizidi. Sikujua kwamba ninaonwa na chuo kizima."

Nikakosa la kusema. Na hakuniambia "nimekusamehe dada", msingoje hilo. Alichukua faili lake akaondoka.

Ijumaa niliwahi kazini saa nzima kabla ya zamu. Nia yangu ilikuwa moja, kuifuta ile picha kwenye mashine, kana kwamba hiyo ingeyarudisha maji yaliyomwagika. Nikiwa naitafuta siku yenyewe nikabonyeza kamera namba nne, ya korido. Ile korido inaishia stoo, na stoo ndiko sisi wasichana tunakobadilishia nguo, tunavua za chuo tunavaa sare. Mlango wa stoo haufungi vizuri. Kamera ilikuwa imeelekezwa pale pale.

Nilijiona. Namshukuru Mungu sehemu kubwa ilizibwa na mlango, ila nilijiona, mgongo na mkono unatafuta kifungo cha blauzi. Z naye yumo, siku nyingine. Tarehe na saa zimeandikwa pembeni vizuri kabisa. Na K anaijua nywila, nimemfundisha mimi. Na fundi je? Nikakumbuka kwamba siku ya kufunga alituonyesha kwa majivuno kuwa anaweza kuziona kamera zetu kwenye simu yake akiwa nyumbani kwake.

Nilikaa chini sakafuni. Sikuwa nacheka tena. Nilihesabu nimebadilisha nguo pale mara ngapi tangu semista ianze.

Mama alipokuja nikamwonyesha. Akazima mashine kwanza, kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi nilitaka kumkamata mwizi tu." Na ni kweli. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Fundi aliweka kamera pale kwa sababu stoo kuna mchele na mafuta. Kila mtu alikuwa na sababu yake nzuri.

Wiki ile nilikwenda kusoma, maana sisi tukishikwa na jambo tunakimbilia maktaba. Kumbe hili jambo lina wenyewe. Katiba yetu, Ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya kila mtu, na haikusema isipokuwa wenye njaa. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume yake ambayo Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Mtu akitambulika kwenye picha, picha ile ni taarifa yake binafsi. Misingi yake ukiitoa kwenye lugha ya wanasheria ni mambo ambayo hata bibi yako angekuambia: usichukue ya mtu bila kumwambia na kumweleza ni ya nini. Ukichukua kwa kazi moja, usiigeuzie kazi nyingine. Usichukue kuliko unavyohitaji. Usikae nayo kuliko muda wake. Na ikiwa mkononi mwako, itunze isivuje.

Sasa nipimeni mimi na K kwa misingi hiyo. Kutafuta elfu arobaini na tano ilikuwa kazi halali ya ile picha. Dakika Mama alipotoka nje na sisi tukabaki tunaburudika, tulikuwa tumeshaigeuza kazi. Simu ya K ilipotoka mfukoni, imevuja. Mnaona? Hakuna kilichobadilika kwenye kamera, ni waya ule ule na ukuta ule ule. Waliobadilika ni watazamaji.

Na majirani zetu Kenya wameshaonyesha kwamba hili siyo la mchezo. Wana sheria yao ya mwaka 2019, na Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliipiga Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuwa pale anastarehe, bila ridhaa yake. Haikuwa hata picha ya aibu, ni ya kutangaza biashara. Wakati huo huo shule moja, Roma School, ikapigwa 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Ninyi wenzangu wa elimu hiyo ya pili isomeni mara mbili. Tunakwenda mazoezi ya kufundisha, na kila mmoja wetu ana simu yenye kamera. Mtoto akichora ramani ya Afrika kama kiazi, au akisinzia ametokwa na udenda, mkono wako utakwenda wapi?

Haya, mgahawani tumefanya nini? Mama ni mtu wa vitendo. Alimwita fundi siku iliyofuata, akasimama naye chini ya ngazi.

Kamera ya korido imehamishwa. Sasa iko ndani ya jiko, inatazama friji na njia ya nje, na stoo imewekewa komeo kwa ndani. Skrini ya ukutani imeshushwa, imewekwa chini ya kaunta, inamtazama aliyekaa kaunta tu. Kamera ya kaunta kumbe ilikuwa na kinasa sauti, inarekodi hata wateja wanayoongea wakisubiri chenji. Imezimwa, maana kumkamata aliyekimbia bila kulipa hakuhitaji maongezi ya watu. Simu ya fundi imeondolewa kwenye mfumo mbele ya macho yetu. Nywila ya kiwandani imebadilishwa. Hilo nalo dogo lakini kubwa: mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodia kwa wingi duniani kwa kujaribu tu nywila zinazokuja na kifaa. Moja mbili tatu nne tano sita siyo kufuli, jamani.

Mlangoni kuna tangazo sasa, nimeliandika mwenyewe kwa mkono wangu mbaya wa ubaoni: hapa pana kamera kwa ajili ya ulinzi wa wateja na mali, ukiwa na swali au ukitaka kuona picha yako muulize Mama. Wanaofungua mashine ni Mama na mtu mmoja aliyemteua, lazima wawe wawili, kuna daftari la kuandika siku, saa na sababu, na simu zinabaki mezani. Picha zinakaa siku kumi na nne, baada ya hapo mashine inajifuta yenyewe kwa kurekodi juu yake. Mtu akiibiwa, kipande kile tu ndicho kinachotolewa, na kinakwenda polisi, siyo kwenye stetasi.

K alisimamishwa wiki mbili. Alinilaumu. Alisema, "Tulicheka wote, mbona nasimamishwa mimi peke yangu?" Nikaona ana haki. Nilimwambia Mama, na mimi nikakaa nje wiki mbili bila malipo. Ndiyo maana mmeniona napiga maharage mfululizo.

Mama alitaka kumwita yule kijana, amtafutie kazi ya kumenya viazi wikiendi ili awe anakula pale. Nilimfikishia ujumbe. Alikataa. Alisema anashukuru, ila hawezi kuingia tena mlango ule. Amerudi darasani. Testi ameruhusiwa kuirudia. Amehama mstari wa mbele, sasa anakaa nyuma kabisa karibu na mlango, na faili lake la bluu.

Kuna atakayeniuliza: na wewe si unamwanika tena hapa? Nimelifikiria hilo kuliko yote. Nilimpa maandishi haya ayasome kabla ya ninyi. Aliomba nitoe mambo mawili, nikayatoa, mlichosoma ndicho alichokubali. Nilipomuuliza kama ana neno la kuongeza alisema niwaambie tu kwamba wiki ile hela ya kujikimu ilikuwa bado haijamfikia, na sahani alizipanga kwa sababu nyumbani kwao ukila mezani kwa mtu unasafisha.

Nimeshaomba kwenye kundi la kozi ile video ifutwe. Wengine wamefuta, nawashukuru. Mmoja ameniuliza kama siku hizi nimehamia kitivo cha sheria. Sijahamia, kaka. Lakini kama bado unayo kwenye simu yako, naomba uifute leo, hata usiniambie. Na kama uliwahi kuicheka, tupo wengi, mimi nikiwa wa kwanza.

Ijumaa narudi kaunta. Mkija karibuni, semeni "ticha" nitawasikia. Ukitaka kujitengeneza nywele, kioo kipo chooni.